Mwongozo kamili wa Kilkenny, Ireland: anzia kanisa kuu, kasri liache mwisho

Wageni wengi wakishuka Kilkenny wanakimbilia kasri. Ni kubwa, liko kwenye kila picha ya mji, bustani yake haina kiingilio, kwahiyo wanazunguka pale nusu siku, wanakula, alafu wanapanda mtaa mkuu taratibu wakiangalia maduka, na wakija kufika kwenye kanisa kuu la St Canice's wanakuta mlango unafungwa. Wanaondoka wameona majengo mazuri ila hawajui kwanini yako pale. Mwongozo huu unaenda kinyume chake: tunaanzia juu kaskazini kwenye kanisa na mnara, ambako mji wenyewe ulianzia, alafu tunashuka kusini mpaka kwenye kasri la waliokuja kuutawala. Mimi naamini kabisa hii ndo njia ya kuielewa Kilkenny, nyingine zote zinakupa mapicha tu.

Kwa asiyeujua, ni mji wa watu kama 27,000 kusini mashariki mwa Ireland, kando ya mto Nore. Udogo wake usikudanganye. Bunge limewahi kukaa hapa likatunga sheria zilizowaumiza Waayalandi kwa karne nyingi, na kuanzia 1642 mpaka 1649 Wakatoliki walioasi waliifanya Kilkenny makao makuu ya serikali yao, mjumbe wa Papa akaja kuishi hapa. Hadhi ya kuitwa jiji ilipewa na mfalme James I mwaka 1609 na watu wa pale wanailinda mpaka leo, ukiita kijiji wataumia kweli.

Hatua ya 1: makaratasi, usafiri na muda

Naanza na hili kwasababu linawakwamisha watu wetu. Ireland haiko kwenye Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen uliyonayo ya Ufaransa au Ujerumani haikuingizi Dublin, na ukibeba pasipoti ya Tanzania au Kenya unahitaji viza ya Ireland yenyewe. Wanaoishi Uingereza kwa kibali cha makazi wasidhani wamepona, ule utaratibu wa kusafiri bila viza kati ya nchi hizo mbili ni wa raia wa Uingereza na raia wa Ireland, kibali chako cha kuishi London hakikufanyi raia. Mpaka wa Ireland Kaskazini hauna geti na hakuna anayekusimamisha barabarani kama ilivo Namanga, lakini sheria iko palepale. Omba viza mapema, ndo nauli ikatwe.

Ukishafika Dublin, nenda stesheni ya Heuston, panda treni ya kwenda Waterford, ndani ya kama saa moja na nusu unashuka Kilkenny kwenye stesheni ya MacDonagh. Basi nazo zipo. Hela ni yuro. Gari zinapita kushoto kama nyumbani, kwahiyo wa kukodi gari hatapata shida. Viatu chukua vyenye soli inayoshika, mawe ya zamani yakilowa yanateleza vibaya, na yatalowa, mvua ya kule haisubiri msimu.

Tenga siku mbili. Siku moja inawezekana ukiamka mapema ila utakuwa unakimbia. Kiangazi mwezi wa 6 mwanga unakaa mpaka karibu saa nne usiku, unaweza kuzunguka nje baada ya majengo kufungwa, lakini Desemba saa kumi na nusu jioni giza limeingia, na sehemu nyingine zinapunguza masaa wakati wa baridi, kwahiyo angalia ratiba ya siku yenyewe kabla hujatoka hotelini.

Hatua ya 2: ingiza kichwani kwamba ilikuwa miji miwili

Usiruke hatua hii hata kama unaona ni darasa, bila hiyo utapita kwenye mageti na kuta bila kuelewa zilikuwa zinamzuia nani.

Kaskazini kuna eneo linaitwa Irishtown mpaka leo. Hapo ndo pa Mtakatifu Canice, mtawa wa karne ya 6, kanisa lake ndo limeupa mji jina. Watu wakakaa kulizunguka, chini ya wafalme wadogo wa Osraige, hiyo ilikuwa falme ya eneo zima hili. Alafu wakaja Wanormani, mabwana wa vita wenye asili ya Ufaransa, kutoka Uingereza na Wales. Richard de Clare, yule wanayemwita Strongbow, alijenga ngome kusini kwenye kilima juu ya mto, na mkwe wake William Marshal ndo akajenga kasri la mawe na kupanga mji mpya chini yake, wa wafanyabiashara na mafundi walioletwa. Mji mpya ukaitwa Hightown, wengine Englishtown. Katikati kinapita kijito cha Bregagh. Upande huu wa kijito bwana ni askofu, upande ule bwana ni mwenye kasri, kila mji na baraza lake, kila mji na soko lake, na ugomvi wa mipaka na ushuru haukuisha. Ilienda hivo mpaka 1843 ndo vikawa mji mmoja kisheria. Yaani miaka zaidi ya 600 watu wanaokaa umbali wa kurusha jiwe wanaishi kwenye miji miwili.

Sasa juu ya hilo ongeza mwaka 1366. Wale Wanormani vizazi kadhaa baadaye walikuwa wameshaanza kuwa Waayalandi, wanaongea Kiayalandi, wanaoa mabinti wa pale, wanalea watoto wao kwa familia za wenyeji. Serikali ya Uingereza ikaona inapoteza watu wake. Lionel, mtoto wa mfalme Edward III, akaitisha bunge Kilkenny, likatoka na sheria zinazojulikana mpaka leo kwa jina la mji huu. Walowezi wakakatazwa kuoa Waayalandi, kuongea lugha yao, kutumia majina yao, kufuata sheria zao za jadi, kupokea washairi na wapiga muziki wao. Hata mchezo wao wa fimbo na mpira ulikatazwa. Na sheria hizo zinazodai lugha ya Kiingereza zilindwe ziliandikwa kwa Kifaransa, maana ndo ilikuwa lugha ya wakubwa. Mchezo uliokatazwa haukufa, ndo hurling, na leo hakuna jimbo Ireland lililobeba ubingwa wa taifa mara nyingi kuzidi Kilkenny. Ukiona bendera za nyeusi na njano kila dirisha ujue ni hiyo.

Hatua ya 3: panda mnara wa duara, asubuhi, mapema

Kutoka stesheni usifuate umati unaoteremka John Street kwenda kasri. Fungua ramani, elekea Green's Bridge, vuka mto Nore pale, na Irishtown inakupokea upande wa pili. Mnara utauona kabla hujafika.

Una urefu wa kama mita 30, mwembamba, mawe matupu, na watafiti wengi wanauweka karne ya 9. Ndo jengo la zamani kuliko yote yanayosimama mjini, kanisa la mawe lililo pembeni yake limekuja miaka kama 400 baadaye. Minara hii ilijengwa kwenye makao ya watawa Ireland nzima, ilikuwa ya kengele na ya kutunzia vitu vya thamani, na mlango wake unakuwa juu ya ardhi sio chini, unahitaji ngazi kuufikia. Iliyobaki ni mingi ila unayoruhusiwa kuipanda mpaka juu inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na huu ni mmojawapo. Walipochimba chini yake mwaka 1847 walikuta mifupa ya watu, maana yake ulijengwa juu ya makaburi ya zamani zaidi, na ukiutazama vizuri kwa mbali umeinama kidogo.

Ndani ni ngazi za mbao zenye mwinuko mkali, zinapita sakafu kwa sakafu, na nafasi ni finyu. Begi kubwa acha chini. Mwenye shida ya magoti au anayeogopa sehemu za kubana asijilazimishe, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Ukifika juu usianze na simu. Tazama kwanza kusini, tafuta kasri, alafu rudisha macho taratibu mpaka miguuni kwako. Mstari wote wa mji uko hapo, paa kwa paa, na ile habari ya miji miwili ya hatua ya 2 unaiona kwa macho. Hii ndo sababu kubwa ya kuanzia huku.

Hatua ya 4: kanisa kuu la St Canice's, hapa usikimbie

Tenga masaa mawili kamili. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 13 ukamalizika kama 1285, na kwa urefu ni la pili Ireland kati ya makanisa makuu ya zamani, la kwanza ni St Patrick's la Dublin. Kwa sasa ni la Kianglikana, maana baada ya mageuzi ya kidini ya karne ya 16 majengo yote ya kanisa yalihamia kwa kanisa la serikali huku watu wengi wakibaki Wakatoliki. Ndo maana utakuja kuona kanisa kuu la pili upande mwingine wa mji.

Ukiingia simama katikati, chini ya mnara wa kati. Mnara huo kwa nje ni mfupi, mnene, kama umekatwa kichwa, na sababu yake ni kesi ya mwaka 1324 ambayo ni vizuri uisikie ukiwa umesimama hapohapo.

Kulikuwa na mama anaitwa Alice Kyteler, kutoka familia ya wafanyabiashara waliotoka Flanders, tajiri, anakopesha hela. Aliolewa mara nne. Watoto wa waume zake wakaona mali za baba zao zinaishia kwake na kwa mtoto wake wa kwanza, William Outlawe, wakaenda kumshtaki kwamba ni mchawi na amewaua waume zake. Askofu wa hapa alikuwa Richard de Ledrede, mtawa wa Kifransisko kutoka Uingereza, mtu mwenye bidii na hasira za kupambana na uzushi. Akaibeba kesi kwa nguvu zote. Lakini Alice alikuwa na watu wake, msimamizi wa eneo Arnold le Poer alimkamata askofu mwenyewe akamfungia kwenye kasri la Kilkenny siku 17. Askofu alipotoka hakurudi nyuma. Mwishowe Alice akatoroka, hakuonekana tena Ireland. Aliyebaki ni mtumishi wake wa kike, Petronilla de Meath. Alichapwa viboko mara nyingi mpaka akakiri kila alichoambiwa, na tarehe 3 Novemba 1324 akachomwa moto hadharani Kilkenny. Ni mtu wa kwanza anayejulikana kuchomwa kwa kesi ya uchawi Ireland. Mwenye mali alikimbia, mfanyakazi wa ndani akalipa kwa mwili wake, na mimi naomba ukifika hapo umtaje kwa jina, maana mjini utakuta jina la Alice limeandikwa kwenye baa na kwenye bidhaa ila la Petronilla unalitafuta.

William Outlawe yeye aliomba msamaha akapewa adhabu: kusikiliza misa kila siku, kulisha maskini, na kuezeka sehemu ya kanisa hili kwa madini ya risasi kwa gharama yake. Risasi ni nzito. Mwaka 1332 mnara wa kati ukaporomoka, ukaangukia sehemu ya kwaya na makanisa madogo ya pembeni, na tangu zamani uzito wa paa lile unatajwa kama sababu. Wakaujenga upya ukiwa mfupi, huo unaouona. Askofu Ledrede alikaa kwenye kiti chake mpaka kufa, kaburi lake liko humuhumu upande wa kaskazini wa madhabahu, amechongwa amelala. Na katika mawe ya makaburi tafuta la Jose de Keteller la mwaka 1280, wa familia ileile ya Alice. Lilifukiwa chini ya mtaa na likaja kupatikana 1894. Askofu na ukoo aliouandama wako chini ya paa moja.

Baada ya hapo nenda kwenye makaburi ya ukoo wa Butler, mabwana wa Ormond. La kutafuta ni la Piers Rua Butler aliyekufa 1539, na mke wake Margaret FitzGerald amechongwa pembeni yake, yeye na vazi la chuma, mama na vazi refu la mikunjo na kilemba cha pembe. Jiwe ni lile jeusi wanaloliita marumaru ya Kilkenny. Kitaalamu ni jiwe la chokaa linalong'aa likisuguliwa, na ukisogeza uso karibu utaona alama nyeupe za viumbe wa bahari walioganda ndani yake mamilioni ya miaka iliyopita. Wakati unatoka angalia na sakafu ya sehemu ya kwaya, imepangwa mawe ya rangi kutoka mikoa minne ya Ireland.

Madirisha usiyategemee sana kwa vioo vya zamani. Ledrede aliweka dirisha la mashariki la vioo vya rangi lenye maisha ya Kristo, zuri kiasi kwamba mjumbe wa Papa, Rinuccini, alitoa ofa ya pauni 700 miaka ya 1640 na askofu David Rothe akakataa kuuza. Machi 1650 jeshi la Cromwell, jemadari wa bunge la Uingereza, likauteka mji. Askari wakavunja vioo, wakabomoa paa, kengele zikachukuliwa, makaburi yakavunjwavunjwa, na jengo likakaa miaka bila paa. Ukiona mchongo hauna pua au mkono, ujue ni mwaka huo.

Hatua ya 5: shuka ngazi, pita geti, ingia Black Abbey

Tokea kwenye ngazi za St Canice's zilizojengwa 1614, zinakushusha mpaka chini kwenye kijito cha Bregagh. Ukivuka tu umetoka mji wa askofu umeingia mji wa wafanyabiashara. Pinda kuelekea Abbey Street, utakuta Black Freren Gate, ndo geti pekee lililobaki la kuta za mji. Simama chini yake kidogo.

Nje ya geti, sio ndani, iko Black Abbey, ya watawa wa Kidominiko. Walikuja 1225 kwa ardhi ya William Marshal mtoto, wa yule aliyejenga kasri, na watu wanawaita kwa joho lao jeusi. Karne ya 16 watawa wakafukuzwa jengo likageuzwa mahakama, na baada ya safari ndefu wakarudi, leo ni kanisa linalosaliwa kila siku, kwahiyo ukikuta misa kaa nyuma usubiri, kamera weka mfukoni. Dirisha la Rozari la mwaka 1892 linajaza ukuta mzima wa kusini, mafumbo yote 15 yamo, na jua la mchana likilipiga sakafu inajaa rangi. Nenda mchana. Kuna pia sanamu ya Utatu Mtakatifu ya alabasta iliyoandikwa 1264, ingawa wataalamu wa sanaa wanasema mtindo wake ni wa baadaye. Nje mlangoni kuna majeneza ya mawe.

Ukitoka hapo kanisa kuu la Wakatoliki la St Mary's liko karibu, kilimani. Jiwe lake la msingi ni 1843, likafunguliwa 1857. Hesabu hiyo miaka uone katikati kuna nini: Njaa Kuu, 1845 mpaka 1849 na mabaki yake. Wengine wanasema hela ile ingelisha watu, wengine wanasema ujenzi ndo ulitoa vibarua. Pita ndani dakika 20 zinatosha, thamani yake kubwa iko kwenye tarehe hizo kuliko kwenye mapambo.

Hatua ya 6: Wafransisko na ndugu John Clyn

Rudi Parliament Street uelekee mtoni, kwenye eneo lililokuwa kiwanda cha bia cha Smithwick's. Kiwanda kilianza 1710 ndani ya kiwanja cha watawa wa Kifransisko, kikafungwa mwishoni mwa 2013 uzalishaji ukahamia Dublin, na sasa eneo linajengwa upya. Katikati yake limesimama gofu la St Francis' Abbey na mnara wake mwembamba. Wengi wanapita hawalioni.

Hapa aliishi John Clyn, mtawa aliyekuwa anaandika matukio ya nchi mwaka kwa mwaka. Tauni ilipofika Kilkenny 1349 akaandika jinsi watu walivokuwa wanakufa, nyumba moja hafi mtu mmoja, mume na mke na watoto wanaondoka pamoja, na watu wanaogopa hata kuzika. Akasema yeye anasubiri kifo katikati ya waliokufa, na anaacha karatasi za ngozi zenye nafasi ili kama kuna mtu atabaki hai aiendeleze kazi. Baada ya hapo kuna mistari michache, alafu mkono mwingine umeandika kwamba inaonekana mwandishi amefia hapa. Mimi sijui maandishi ya tauni popote yanayonigusa kama hayo, na sehemu alipoyaandikia iko hapo nyuma ya maduka, huhitaji tiketi kuitazama kwa nje.

Hatua ya 7: Rothe House

Panda tena Parliament Street. Hii nyumba naipenda kuliko kasri, na nasema hivo nikijua wengi watabisha. Ni ya John Rothe, mfanyabiashara, na mke wake Rose Archer. Nyumba ya mbele 1594, ya pili nyuma yake 1604, ya tatu 1610, zimeunganishwa kwa nyua za mawe, alafu nyuma kabisa bustani inayoenda mpaka ukuta wa mji. Ndo umbo la viwanja vyote vya mji ule wa Wanormani, mbele kwembamba mtaani, nyuma kurefu, ila karibu kwote kumeshakatwakatwa, hapa ndo unakiona kiwanja kizima. Duka lilikuwa chini mbele, familia juu, kisima na jiko uani. Wakati Wakatoliki wanaendesha serikali yao miaka ya 1640 ukoo wa Rothe ulikuwa ndani ya mambo, na bunge lao lilikaa kwenye nyumba ya jirani mtaa huuhuu, ya ukoo wa Shee, ambayo ilibomolewa karne ya 19. Cromwell alipomaliza, Rothe wakanyang'anywa. Leo inatunzwa na chama cha historia cha mji na ndani kuna huduma ya kutafuta koo, Waayalandi wa Marekani na Australia wanakuja pale wakitafuta babu zao.

Anza na bustani kama mvua imeacha, vyumba vinaweza kusubiri.

Hatua ya 8: mtaa mkuu, kwa haraka kidogo

Kuanzia hapa mambo yako karibukaribu. Tholsel, jengo lenye matao barabarani na saa juu, ni la 1761, ndo ukumbi wa mji na bado linatumika. Pembeni kuna Butter Slip, kichochoro cha 1616 chenye ngazi kilichokuwa cha kuuzia siagi, kinakushusha mpaka St Kieran's Street kwenye nyumba inayobeba jina la Kyteler, siku hizi baa. Rose Inn Street iko nyumba ya Sir Richard Shee ya 1582 aliyoijenga kwa ajili ya kutunza maskini.

Sehemu moja tu ya hatua hii inahitaji saa nzima: kanisa la St Mary's la karne ya 13, parokia ya wafanyabiashara, ambalo tangu 2017 ni makumbusho. Usilichanganye na lile kanisa kuu la kilimani, majina yanafanana. Humu kuna makaburi ya kina Rothe na kina Shee, wamejengewa makubwa kama ya mabwana, na kuna kitabu cha kwanza cha kumbukumbu za baraza la mji kinachoanzia 1231. Bei za nyama, faini, nani kapewa uraia wa mji, vyote vimo. Uliza mhudumu akuoneshe.

Hatua ya 9: sasa kasri

Ukifika saa hii unakuja ukijua ni la nani na lilikuwa linatazama wapi. Marshal alilijenga kwa minara minne ya pembeni, mmoja na ukuta wa upande ule ulipotea karne ya 17, ndo maana uwanja wake uko wazi upande mmoja, na watalii wengi wanadhani liliumbwa hivo. James Butler, bwana wa tatu wa Ormond, alilinunua 1391, na ukoo ukakaa zaidi ya miaka 500. Vitu vingi vya ndani vilipigwa mnada 1935 familia ilipohama. Mwaka 1967 Arthur Butler, wa ukoo huohuo, akaliuza kwa watu wa mji kwa pauni 50, yaani zawadi, na baadaye likaingia mikononi mwa serikali.

Kata tiketi ya ndani mapema hasa kiangazi. Vyumba vimepambwa kwa mtindo wa karne ya 19, ni vizuri, ila kama bajeti inabana naweza kukushauri uingie Rothe House na kanisa kuu, na kasri ulitazame kutoka bustanini na kutoka John's Bridge ng'ambo. Ukiingia, ukumbi wa picha wenye paa la mbao lililochorwa ndo wa kukaa muda mrefu.

Hatua ya 10: kabla ya treni, nyumba ya maskini

Jirani kabisa na stesheni kuna eneo la maduka la MacDonagh Junction. Sehemu ya majengo yake ya mawe ilikuwa nyumba ya kazi ya maskini, iliyofunguliwa 1842 kwa watu 1,300. Njaa ilipopiga, viazi vikaoza mashambani, wakamiminika humo kuliko uwezo wake mara nyingi. Mwaka 2005 wakati wa maandalizi ya ujenzi yakagunduliwa makaburi ya halaiki ambayo hakuna kumbukumbu ya mji iliyoyataja, mashimo 63, watu 970 kwa uchache, zaidi ya nusu watoto. Uchunguzi wa mifupa ulionesha njaa, kiseyeye na maradhi ya msongamano. Walizikwa upya kwa heshima jirani hapo mwaka 2010. Kuna ziara ya kusikiliza kwa simu inayokuzungusha, fanya hiyo, usipite tu na mizigo.

Wasomaji wa Kenya wengi mmesomeshwa na masista wa Loreto waliofika 1921, au mnawajua mapadri wa Kiltegan wa Turkana. Shirika la Loreto lina shule Kilkenny pia, na watu wale walitoka kwenye nchi ambayo bibi na babu zao waliyaona mashimo ya namna hii.

Ukibaki na siku ya tatu

Chagua moja kati ya hizi. Asiye na gari achukue treni ya kwenda Waterford ashuke Thomastown, kituo kinachofuata, alafu atembee kama kilomita 2 na nusu mpaka Jerpoint, makao ya watawa wa Kisistersiani ya karne ya 12 yenye varanda ya nguzo zilizochongwa watu na wanyama. Njia haina sehemu ya miguu pote, kwahiyo vaa kitu cha rangi inayoonekana au kodi teksi kutoka Thomastown. Mwenye gari aende Kells, kusini ya mji, gofu la watawa wa Kiagustino lililoanzishwa 1193 likiwa na ukuta mrefu na minara katikati ya malisho, hakuna kiingilio, kondoo ndo wenyeji, na geti ulilokuta limefungwa lirudishie lifungwe.